Hakosi Mlango

Pasipoti zilirudi mbili kutoka ubalozini ndani ya bahasha moja, na Bi Tima akazisoma kinyume. Yake ilikuwa imebandikwa kijikaratasi kwenye ukurasa mmoja wa ndani, basi. Ya mwanawe Stambuli ilifuatana na barua nzima iliyopigwa taipu, ina nembo juu na sahihi chini. Bi Tima hakusoma shule ya Kizungu, lakini dunia alikuwa akiijua inavyokwenda: anayeandikiwa mengi ndiye anayeheshimiwa. Akakata shauri kwamba Stambuli amekubaliwa kwenda Ulaya na yeye mamake amenyimwa.

Alishindwa kujua afurahi au alie. Stambuli alikuwa na miaka thelathini na kitu, ndevu zimemjaa, na akili yake ilikuwa imesimama tangu homa ya degedege ilipomshika akiwa ndio kwanza anajifunza kutembea. Alijua kula, kucheka, kusema maneno machache na kumshika mtu mkono. Kuoga huogeshwa, njia huvushwa. Mtu wa namna hiyo apewe ruhusa ya kupanda ndege peke yake, mamake abaki Jomvu Kuu kumkodolea macho mawinguni? Lakini Wazungu wana mambo yao, Bi Tima akajituliza, huenda wanao watu wao wa kuwapokea wagonjwa huko uwanjani.

Hayo yote aliyawaza akiwa dukani kwa nduguye Sheikhan, kule Kongowea, kati ya magunia ya mchele na mitungi ya samli. Barua za ukoo mzima zilipitia sanduku la posta la Sheikhan, na simu za ukoo mzima ziliingia kwa simu ya Sheikhan, kwa sababu yeye ndiye aliyefanikiwa. Alikuwa mdogo wake Bi Tima, baba mmoja, mama mmoja. Alipotoka msikitini adhuhuri akamkuta dada yake ameishika ile barua mikono miwili, akaichukua, akavaa miwani, akaisoma mpaka mwisho.

"Umekwenda kinyume, dada," akasema. "Uliyepewa ni wewe. Stambuli wamemkataa."

Bi Tima akamwomba amsomee yote asimfiche. Sheikhan akafasiri pole pole. Kijana hana kazi, hana mke, hana mali, hakuna kitakachomvuta kurudi kwao. Bi Tima akauliza, kwani yeye mwenyewe ana kazi, mbona yeye kapewa? Sheikhan akasema hilo halikuandikwa. Halafu akafika mahali akakohoa. Barua ilisema kwamba mama wa kijana, kwa kinywa chake, alieleza kuwa mwanawe anao jamaa Mombasa wa kumtunza yeye akiwa safarini. Kwa hivyo haikuonekana haja ya kijana kusafiri.

"Mimi nilisema hivyo?"

"Ulisema, dada. Nilikuwapo."

Kweli alisema, wala hakuna wa kumsingizia. Siku ile ya ubalozini Nairobi walisimama mbele ya kioo kinene. Upande wa pili alikuwako Mzungu mmoja akiandika bila kuinua kichwa, na kando yake binti wa Kikamba aitwaye Mueni, ambaye kazi yake ilikuwa kufasiri. Mueni akauliza, "Mama, wewe ukienda peke yako, huyu kijana atabaki na nani?" Swali lenyewe lilikuwa dogo. Lakini nyuma ya bega la Bi Tima alikuwa amesimama Sheikhan, na koti lake na kofia yake, aliyeacha duka akamsindikiza dada yake usiku kucha kwenye basi, barabara yenyewe imechimbwachimbwa na mvua za El Nino. Mwanamke wa Jomvu Kuu, binti wa mwalimu Shee, aseme mbele ya ndugu yake na mbele ya watu baki kwamba mwanawe hana mtu? Hiyo ni sawa na kumvua Sheikhan nguo hadharani.

"Nna ndugu, nna jamaa, alhamdulillahi," Bi Tima alijibu. "Mwanangu hakosi mlango."

Mueni alimuuliza tena kama ana hakika, akamtazama muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajiwa. Bi Tima akamwapia wallahi. Sheikhan akaiweka sawa kofia yake. Njiani walipofika Mtito Andei alimnunulia dada yake soda baridi, akamwambia amejibu kama mtu aliyelelewa.

Sasa soda ile ilikuwa imemrudi kooni. Sheikhan alitazama wateja wake, akatazama wachukuzi waliokuwa wakipakua magunia mlangoni, kisha akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Basi tatizo liko wapi? Wewe nenda, Stambuli aje kwangu." Wachukuzi wakamwombea dua. Bi Tima naye akaitikia amin, ingawa moyoni hakuelewa kwa nini habari njema kama ile imemtia baridi.

*

Mwanarehema, mtoto wake wa kike, alipiga simu alasiri ile ile kama walivyoahidiana. Alikuwa ameolewa Ulaya mwaka wa nne, na mimba mbili zilikuwa zimekwisha kumtoka. Hii ya tatu ilikuwa imeingia mwezi wa saba. Daktari alikuwa amemlaza kitandani, hata kikombe cha maji asijichukulie, na mumewe Faki alikuwa akifanya kazi za zamu, leo mchana kesho usiku. Kwao mwanamke hazai akakosa mamake wa kumkanda, kumchemshia maji na kumkorogea uji wa pilipili manga mpaka arobaini itimie. Bi Tima mimba mbili za kwanza hakuwapo, na hakuna aliyeweza kumtoa akilini kwamba ndiyo sababu hazikukaa.

Alimweleza mwanawe habari ya barua.

"Mama, kwa nini hukusema ukweli?"

"Ukweli upi, mwanangu?"

"Kwamba Stambuli hana mtu ila wewe."

Bi Tima akageuka. Sheikhan alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwenye simu akipima sukari. "Mjombako yupo hapa," akasema, "yuwakusalimu."

Mwanarehema akaelewa, akapunguza sauti. Alisema Faki ameulizia kwa wanaojua, na njia ipo: aombe tena, apeleke na barua ya chifu, jamaa watie sahihi kwamba hawana uwezo wa kumtunza Stambuli. Akasema pia asije akamwacha kwa mjomba, maana akimwacha atakuja huku kulia kutwa, na yeye hana nguvu ya kubembeleza mtu. Kisha akaanza kulia yeye, akasema, "Njoo tu mama, njoo vyovyote." Laini ikakatika. Bi Tima aliweka simu chini asijue ameambiwa aende au asiende.

*

Walikubaliana Stambuli akae kwanza siku chache nyumbani kwa Sheikhan, Kisauni, aonekane atazoea vipi. Bi Tima alimfungia nguo zake, akamweleza wifi yake Zubeda yote: kwamba hapendi mlango kufungwa, kwamba akianza kujikuna shingo ndio anataka kwenda msalani, kwamba chai anywe ya vuguvugu. Zubeda alisikiliza vizuri. Hakuwa mwanamke mbaya, na anayetaka mtu wa kumlaumu katika habari hii atafute kwengine.

Siku ya tatu uvumilivu ukamwisha Bi Tima. Akachukua kanzu mbili zilizopigwa pasi, akaenda Kisauni bila kusema. Barazani alikuta viatu vingi vya kiume vimepangwa, ndani mnanukia udi. Akazunguka uani, kwa sababu mtu hapiti katikati ya wageni asiowajua. Zubeda alikuwa jikoni amevaa vizuri, mikono imelowa mafuta ya biriani, na alipomwona wifi yake uso ukamshuka.

"Wifi, umekuja leo?"

"Nimekuja. Stambuli yuwapi?"

Macho ya Zubeda yalikwenda kwenye stoo na kurudi, na hilo lilitosha. Stoo ilikuwa imetiwa komeo kwa nje. Bi Tima akaliondoa. Stambuli alikuwa amekaa juu ya magunia gizani, sahani ya biriani mbele yake, nyama aliyotiliwa ni ya watu watatu. Kanzu ilikuwa imelowa kuanzia kiunoni. Ngozi ya shingo aliikuna mpaka ikawa nyekundu. Alipomwona mamake akacheka, akamnyoshea mkono.

"Wifi, usinione mbaya," Zubeda alisema kwa kunong'ona, machozi yakimlenga. "Wamekuja kumposa mwanangu Dhahabu. Wakimwona watasema ni kitu cha damu, watakwenda zao. Nimesema ni saa mbili tu, wakiondoka namtoa."

Kilichomuumiza Bi Tima ni kwamba alielewa. Lau angekuwa haelewi angepata pa kutolea hasira. Lakini siku ile wazee wa Faki walipokuja kumposa Mwanarehema, Bi Tima mwenyewe alimpeleka Stambuli shamba na mtu tangu asubuhi, na jioni hakuna aliyeuliza. Sasa angemwambia nini Zubeda? Alichukua ndoo, akamwogesha mwanawe nyuma ya choo kwa maji ya kumiminwa taratibu, sauti isifike barazani. Humo ndani walikuwa wakitaja mahari ya Dhahabu, na yeye ni shangazi wa msichana, mtu wa kuketishwa mbele na kuulizwa rai. Akatoka na mwanawe kwa mlango wa uani, akauliza njia ya mkato kama mgeni.

*

Sheikhan alikuja Jomvu Kuu kesho yake na kikapu cha tende. Hakutaja stoo, wala Bi Tima hakuitaja. Walizungumzia mvua, wakazungumzia bei ya mchele, wakamaliza habari za posa, ambayo ilikubaliwa. Chai ilipokwisha Bi Tima akasema anataka kitu kimoja tu. Waende kwa chifu, Sheikhan atie sahihi kwamba hana uwezo wa kumtunza Stambuli. Hatasema hataki, atasema hawezi. Ana watoto, ana duka, mtu gani atamlaumu?

Sheikhan alijinyoosha kitini. "Dada, wataka nitie sahihi mbele ya chifu kwamba mtoto wa dadangu nimemkataa? Karatasi haifi. Kesho ikiangukia mikononi mwa wakwe wa Dhahabu, nitakuwa mtu gani mimi?"

"Basi mchukue."

"Kwani nimesema simchukui?"

Bi Tima akamtazama ndugu yake. Hakuwa ameona kitu kama hicho: mtu kukataa kukubali, na kukataa pia kukataa. Angalau mlango uliofungwa unajulikana kuwa umefungwa. Alitaka kumwambia hivyo lakini maneno hayakumjia yalivyotakiwa, akaishia kumuuliza kama ataongeza chai.

Aliyemsaidia kupata maneno ni Kafedha, mwanamke wa Kigiriama aliyepanga chumba kimoja nyuma ya nyumba. Kafedha alikuwa akiuza muhogo na maembe Kongowea, hutoka alfajiri na kurudi magharibi, na kama si hivyo, na kama si kwamba haiwezekani mwanamke asiye jamaa kumwogesha mwanamume mzima, Stambuli angeachiwa yeye na hadithi hii isingekuwapo. Alimkuta Bi Tima ameketi ukumbini na tende hazijaguswa. Akaambiwa yote, maana hakukuwa na haja ya kumficha Kafedha. Kuta za nyumba ile zilikuwa nyembamba.

"Bi Tima," akasema Kafedha, "mficha uchi hazai. Na safari hii anayezaa si wewe, ni mwanao. Nenda kaseme huna mtu."

"Na Sheikhan nimweke wapi?"

"Mweke alipojiweka."

Usiku ule Bi Tima alijifunza kuisema sentensi ile peke yake, kama mtoto wa chuo cha Kurani anayekariri. Mwanangu hana mtu ila mimi. Mara za kwanza sauti haikutoka. Baadaye ikatoka, lakini ikamfanya ajihisi amemsema marehemu.

Likabaki jambo moja. Mwanamke wa nyumba ile haendi ofisi ya serikali bila ya mwanamume wa kwao. Hajapata kwenda, na mamake hakupata kwenda. Kwa hivyo ilimbidi kumwomba nduguye amsindikize kwenda kusema hana ndugu. Msomaji akicheka si vibaya. Bi Tima mwenyewe alicheka kidogo, kisha akajikuta hajui anacheka nini. Sheikhan alikubali mara moja. Kusindikiza hakukuwa na sahihi.

*

Chifu alikuwa mgeni katika eneo lile. Jina lake Garama, alihamishwa kutoka upande wa Malindi haijapita miezi mitatu, na watu hakuwa amewajua bado nani ni nani. Aliwakaribisha wote watatu kwenye benchi. Stambuli alikaa katikati, na kama desturi yake akautafuta mkono wa mtu, akaupata wa mjomba wake.

Bi Tima akaanza, macho yako kwenye sakafu ya simenti. Akaeleza habari ya binti yake aliyelazwa, akaeleza ubalozi, akafika kwenye ile sentensi. "Mwanangu hana mtu ila mimi." Ilitoka nzima. Akashangaa kuona paa halijaanguka.

Chifu aliandika kidogo. Akauliza upande wa babake kijana. Akajibiwa babake alikufa, na jamaa zake walihamia Tanga zamani, hawajulikani waliko. Akauliza upande wa mama. Chifu akainua kalamu, akaielekeza kwa Sheikhan.

"Na huyu mzee ni nani wenu?"

Jibu alikuwa nalo. Alikuwa amelipanga tangu usiku: ni ndugu yangu, mtu mwema, ana mzigo wake na huu hauwezi. Jibu la heshima, lisilomvunjia mtu uso. Alikuwa amekwisha kufungua kinywa, lakini Sheikhan alimtangulia.

"Mimi jirani."

Alisema kwa upole, kama mtu anayetoa njia kwa mwengine apite. Bi Tima akamgeukia, na Sheikhan hakumtazama. Ndipo alipoona hesabu ya ndugu yake yote kwa mara moja. Ndugu aliyekataa husemwa mpaka kaburini. Jirani hana la kukataa, hakudaiwa kitu.

"Ni kweli, mama?" chifu akauliza.

Angeweza kusema si kweli. Chifu angeanza upya, angemtaka Sheikhan atie sahihi, Sheikhan angekataa, wangeondoka mikono mitupu, na Mwanarehema yuko kitandani anahesabu miguu ya mtoto tumboni inavyopiga. "Naam," Bi Tima akasema. "Ni jirani."

Chifu Garama aliutazama mkono wa Stambuli uliovishikilia vidole vya jirani. Akautazama kwa muda. Kisha akashusha macho, akaandika barua mpaka mwisho, akaisoma kwa sauti. Mama huyu hana ndugu wala jamaa katika nchi hii anayeweza kumwachia mwanawe. Akaisukuma karatasi upande wa pili wa meza.

"Basi jirani atie sahihi hapa. Awe shahidi kwamba ndivyo ilivyo."

Yule aliyeogopa kalamu sasa aliipokea. Ilimlazimu kutumia mkono wa kushoto kuishika karatasi isitelezeteleze, akavitoa vidole vyake kwa Stambuli, akaandika jina lake lote kwa mwandiko mzuri aliofunzwa na babake. Chifu akaigeuza karatasi. Akasoma jina la juu, akasoma la chini.

"Tima Shee," akasema. "Sheikhan Shee."

"Shee wako wengi huku, chifu," Sheikhan akajibu.

Mwalimu Shee alikuwa mmoja. Nusu ya watu wazima wa Jomvu Kuu walisoma chuoni kwake, na huyu Sheikhan, kitinda mimba, ndiye aliyekuwa akibebwa mabegani kupelekwa msikitini wakati wenzake wakitembea. Bi Tima aliona babake anafukiwa mara ya pili, na safari hii bila ya mtu kusema innalillahi. Akataka kupiga kelele. Aliuma ncha ya buibui yake, akaiuma mpaka chifu alipogonga muhuri.

Nje, jua lilikuwa kali. Sheikhan alisema, "Yamekwisha, dada. Umepata ulichokitaka."

"Baba alikuwa mmoja, Sheikhan."

"Ningefanyaje?" akauliza, na lilikuwa swali la kweli, alitaka kujibiwa. Bi Tima akalitafuta jibu njia nzima mpaka nyumbani. Kila alipokaribia kulipata alijikumbuka yeye mwenyewe akisema naam.

*

Nairobi alikwenda na Stambuli peke yao, kwa sababu hakukuwa na namna ya kumchukua Sheikhan tena. Mueni aliisoma barua ya chifu, akamuuliza habari ya ndugu aliowaapia, akajibiwa kwamba siku ile mama aliona haya kusema hana mtu; akamfasiria Mzungu, akarudi kwenye kioo na uso umelainika. "Pole sana, mama," akasema. "Sikujua hali yako iko hivi." Bi Tima alipokea pole ile akiwa hana la kufanya nayo. Maishani mwake alikuwa ameonewa wivu, amesengenywa, amechukiwa hata, lakini hakuwa amewahi kuonewa huruma ya mtu asiye na kwao. Safari hii pasipoti ya Stambuli ilirudi na kijikaratasi, haina barua.

Siku ya safari ukoo wote ulikuwa uwanjani, hapo Changamwe, si mbali na nyumbani. Zubeda alikuja na vikapu, Dhahabu alilia begani kwa shangazi yake mpaka buibui ikalowa, na Kafedha alikuja na muhogo wa kukaanga uliofungwa kwa gazeti, akaambiwa huko Ulaya chakula kipo, akasema na apeleke tu. Sheikhan aliibeba mizigo yote mwenyewe, hakumwachia mchukuzi hata mmoja. Alikuwa amelipia teksi. Alikuwa amempa Bi Tima noti za kigeni ndani ya leso, bila kuhesabiana. Hakuna alichobakisha, na walizungumza vizuri, kama watu wanaobeba kitu cha kuvunjika kati yao.

Penye mlango wa wasafiri Stambuli akagoma. Watu walikuwa wengi, vipaza sauti vya matangazo vikilia juu ya kichwa chake, na mlango wenyewe ulikuwa wa kujifunga. Akaushika mkono wa mjomba wake kwa mikono yake yote miwili na kuanza kulia kama wanavyolia watoto, mdomo wazi. Bi Tima akamvuta, hakuweza. Askari aliyekuwa mlangoni alisogea. Alikuwa kijana mpole, jina lake Masha lilikuwa limeandikwa kifuani.

"Msihangaike," akasema. "Kwa mgonjwa tunaruhusu ndugu mmoja amsindikize mpaka kwenye ndege. Mzee, wewe ni nduguye?"

Sheikhan alimgeukia dada yake, akamngoja. Alimpa yeye neno alitumie atakavyo, na machoni mwake Bi Tima aliona kwamba analiomba.

Ilikuwa rahisi. Neno moja, na wangeingia wote watatu. Lakini ndani ya mkoba wake mlikuwa na barua yenye muhuri isemayo hana ndugu nchini, na huyu mbele yake ni mtu wa serikali mwenye sare. Nani ajuaye watu hawa wanaambiana nini? Nani ajuaye kama hawatamgeuza pale pale mlangoni, Mwanarehema akabaki peke yake na uchungu? Hakuna aliyekuwa amemlazimisha leo. Hakuna aliyemtangulia kusema. Alijisikia akijibu kabla hajamaliza kufikiri.

"Hapana, baba," akamwambia askari. "Ni jirani yetu."

Masha akasema kama ni jirani basi sheria haimruhusu, samahani sana. Sheikhan akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa. Akainama, akavibandua vidole vya Stambuli kimoja kimoja, bila haraka, huku akimnong'oneza maneno ambayo wengine hawakuyasikia. Akamkabidhi mkono ule kwa mamake. Kisha akarudi nyuma hatua moja, akaiweka mikono yake pamoja mbele kama afanyavyo mtu mwenye adabu anapoagana na wakubwa.

"Safari njema, Bi Tima," akasema.

Tangu azaliwe hakuwahi kumwita kwa jina.